Kitufe Kilichosogea

Mwaka 2012 nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba moja ya ghorofa ya pili karibu na Tom Mboya Street. Mashine kumi na mbili, printa moja yenye hasira, bob moja kwa dakika. Jioni moja akaingia mama mmoja na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kulikuwa na fomu ya msaada wa karo ambayo ilikuwa inafungwa usiku huo. Yeye akasoma karatasi zake, mimi nikaandika. Jina, shule, namba ya mtihani, namba ya kitambulisho cha mzazi. Hapo kwa kitambulisho niliruka tarakimu moja. Maandishi mekundu ya mistari miwili yakatokea chini ya kisanduku: namba si sahihi, tafadhali hakikisha. Nikarudi nikarekebisha. Halafu nikashika kipanya, nikabonyeza "Tuma".

Yale maandishi mekundu yakatoweka. Ukurasa ukabaki msafi, hakuna lawama popote.

"Imeenda?" akauliza.

"Imeenda, mathe."

Akalipa shilingi arobaini, akaniombea baraka, akashuka ngazi. Baada ya wiki tatu alirudi. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu kwamba ameenda kuuliza, na wamemwambia hawana fomu yoyote yenye jina hilo. "Na wewe ulisema imeenda, kijana wangu." Nikamwambia ni mtandao. Kwa saiba kila kitu huwa ni mtandao.

Haikuwa mtandao. Ilinichukua miaka sita kujua ilikuwa nini, na siku nilipojua nilikuwa nimeketi mbele ya fomu niliyoiandika mwenyewe, nikibonyeza kitufe ambacho kilikataa kubonyezeka. Huu ni msiba mdogo wenye historia ndefu, na historia yenyewe inaanza California, sio Nairobi.

Kwanza nieleze kilichotokea. Ukibonyeza kitufe kwa kipanya, wewe unaona tendo moja. Kivinjari kinaona foleni. Kidole kinaposhuka, kuna tukio linaloitwa "mousedown". Kisanduku ulichokuwa unaandika ndani yake kinaachwa. Kama maandishi yake yamebadilika, kinasema "change", kisha kinasema "blur", yaani nimeachwa. Kitufe nacho kinashikwa, kinasema "focus". Kidole kikiinuka, ni "mouseup". Mwisho kabisa ndipo "click" inapokuja, na ni hiyo ndiyo inayotuma fomu. Lakini click ina sharti: kidole kiwe kimeshuka na kuinuka juu ya kitu kilekile.

Sasa angalia. Nilishusha kidole juu ya "Tuma". Kisanduku cha kitambulisho kikasema nimeachwa. Msimbo uliokuwa unasubiri neno hilo ukaamka, ukahakiki namba, ukaona iko sawa, ukafuta mistari miwili mekundu. Ukurasa wote uliokuwa chini yake ukapanda juu kujaza nafasi. Kitufe kikapanda nao. Nilipoinua kidole, sehemu ndogo sana ya sekunde baadaye, kielekezi kilikuwa juu ya uwazi mtupu. Hakukuwa na click. Fomu haikutumwa. Na kwa sababu kosa la mwisho lilikuwa limefutwa, skrini ilionekana vile skrini inavyoonekana mambo yakiwa poa.

Yaani kilichomnyima yule mama nafasi yake ni kwamba nilirekebisha kosa vizuri.

Tukirudi nyuma: kabla ya mwisho wa 1995, fomu ya wavuti haikuwa na akili yoyote. Ulijaza kila kitu, ukatuma, data ikasafiri hadi kwenye seva, na seva ndiyo ilisema umeacha kisanduku wazi. Kwa modemu ya simu hiyo ilikuwa safari. Kwetu ilikuwa safari zaidi, kwa sababu hadi nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo iko juu karibu kilomita 36,000. Swali lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: karibu nusu sekunde imeisha hata kabla seva haijafikiria kitu. Na wewe unalipia dakika.

Netscape waliliona tatizo hilo mapema. Mei 1995 walimpa Brendan Eich kazi ya kutengeneza lugha ndogo itakayokaa ndani ya kivinjari, naye akatoa toleo la kwanza kwa siku kumi. Hadithi ya siku kumi imesimuliwa hadi imechakaa, sitairefusha. Kinachonihusu ni kwamba lugha hiyo, JavaScript, ilipofika kwa watu ndani ya Netscape Navigator 2.0 mwaka 1996, orodha yake ya matukio ilikuwa fupi, na sehemu kubwa ya orodha ilikuwa ya fomu: kisanduku kimeshikwa, kisanduku kimeachwa, maandishi yamebadilika, kitufe kimebonyezwa, fomu inatumwa. Kuhakiki fomu kabla haijasafiri ilikuwa moja ya kazi za kwanza kabisa za JavaScript, kabla ya michezo, kabla ya ramani, kabla ya kila kitu tunachokiita wavuti leo.

Na papo hapo watu wakaanza kuumia.

Wazo la kwanza la kila mwanaprogramu wa wakati huo lilikuwa hili: mtu akiacha kisanduku kikiwa kitupu, mpigie kidirisha cha onyo, kisha umrudishe palepale. Linasikika kama adabu nzuri. Weka visanduku viwili vyenye adabu hiyo. Unatoka cha kwanza kikiwa kitupu kwenda cha pili. Cha kwanza kinalalamika na kukuvuta urudi. Lakini kukuvuta maana yake umeacha cha pili, nacho pia ni kitupu, kwa hivyo nacho kinalalamika na kukuvuta. Cha kwanza tena. Cha pili tena. Onyo juu ya onyo, na huwezi kufunga ukurasa kwa sababu kidirisha cha onyo kimeziba njia. Dawa ilikuwa kuua kivinjari kizima, pamoja na barua pepe uliyokuwa hujamaliza kuandika kwenye dirisha jingine.

Kulikuwa na ulemavu mwingine wa kimyakimya. Kisanduku kikisema nimeachwa, safari ya kwenda kwa kingine huwa bado haijakamilika. Ukijaribu kumrudisha mtu wakati huo huo, kivinjari kinakusikiliza vizuri, halafu kinaendelea na safari yake kana kwamba hujasema kitu. Watu wakagundua ujanja: mwambie kivinjari asubiri milisekunde sifuri ndipo afanye. Sifuri! Ukisubiri sifuri unajikuta nyuma ya foleni, na ukiwa nyuma ya foleni safari imeshaisha. Nimekuta mstari huo kwenye misimbo ya karibu kila ofisi niliyofanyia kazi, mara nyingi ukiwa na maoni ya mtu pembeni yanayosema usiguse hii.

Halafu ukaja mwaka 1997 na vita vyenyewe.

Fikiria ploti ya vyumba kumi, geti moja, keyateka mmoja. Mgeni anakuja kumtafuta mpangaji wa chumba namba saba. Nani ajue kwanza? Kuna ploti ambayo mgeni anasimama getini, keyateka anamhoji, anampitisha kwenye korido, na mwenye chumba ndiye wa mwisho kujua. Kuna ploti nyingine ambayo mgeni anagonga mlango wa chumba saba moja kwa moja, kisha habari zinatoka nje polepole: jirani, korido, hatimaye keyateka anaambiwa kuna mtu alikuja.

Ukurasa wa wavuti ni ploti. Kitufe kiko ndani ya fomu, fomu iko ndani ya ukurasa. Netscape 4 ilichagua mtindo wa kwanza: tukio linaanzia nje na kunaswa likielekea ndani. Internet Explorer 4 ya Microsoft ilichagua wa pili: tukio linaanzia kwenye kitu chenyewe na kupanda nje kama povu kwenye chungu. Vivinjari hivyo viwili vilitoka mwaka mmoja, 1997, kampuni zikiwa kooni mwa mwenzake, na msimbo ulioandikwa kwa mpangilio wa kimoja ulikuwa takataka kwa kingine. Kampuni nyingi ziliandika ukurasa mara mbili. Nyingine ziliweka tu tangazo chini: ukurasa huu unaonekana vizuri kwa kivinjari fulani. Vijana wa leo hawajui aibu hiyo.

Suluhu ilitolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Novemba 2000. Ni suluhu ya wazee wa kijiji: wote wawili mna haki. Tukio litaanza nje na kushuka hadi ndani, likifika litamwambia mwenyewe, kisha litapanda kurudi nje. Anayetaka kusikia wakati wa kushuka aseme "true", anayetaka kusikia wakati wa kupanda aseme "false". Kizazi kizima kiliandika "false" mwishoni mwa mstari bila kujua kwamba kinapiga kura katika ugomvi wa 1997. Mimi mmoja wao.

Lakini suluhu haina maana kama mmoja wa wagomvi hajaitekeleza. Microsoft, ambao kufikia hapo walikuwa wameshinda vita na kushika karibu soko lote, walibaki na njia yao hadi Internet Explorer 9, Machi 2011. Miaka kumi na zaidi. Na toleo hilo la 9 halikukubali kukaa kwenye Windows XP. Ukirudi kwenye saiba yetu ya 2012: mashine kumi na mbili, zote XP. Yeyote aliyeandika ile fomu ya karo alikuwa anaandikia dunia mbili kwa wakati mmoja, na sisi tulikuwa kwenye ile ya zamani.

Ndiyo maana sina hasira naye sana. Hebu ona alichokuwa nacho mkononi. Matukio mengi yalikuwa yanapanda kama povu, kwa hivyo ungeweza kumweka mlinzi mmoja kwenye fomu nzima akasikia kila kitu. Isipokuwa mawili aliyoyahitaji zaidi. "Focus" na "blur" hazipandi. Kisanduku kinanong'ona nimeachwa, na hakuna jirani anayesikia. Kuna mantiki fulani hapo, maana dirisha lenyewe la kivinjari lina blur yake, mtu anapohamia programu nyingine, na kama blur za visanduku zingepanda hadi huko, dirisha lingedhani limeachwa kila mtu anaporuka kutoka jina hadi simu. Lakini kwa anayehakiki fomu ya visanduku thelathini, ilimaanisha walinzi thelathini.

Mholanzi mmoja, Peter-Paul Koch, ambaye kwa miaka mingi alijifanya karani wa tabia mbovu za vivinjari, akipima kila tukio kwenye kila toleo na kuandika majedwali, alionyesha njia mwaka 2008. Blur haipandi, sawa, lakini inashuka. Ukikaa getini na kusikiliza wakati wa kushuka, ule mtindo wa zamani wa Netscape ambao wengi walishauzika, utaisikia. Kwa Internet Explorer, ambayo haikujua kushuka, kulikuwa na matukio mengine mawili ya Microsoft wenyewe, "focusin" na "focusout", ambayo yanapanda. Hayo mawili yalikuwa mazuri kiasi kwamba baadaye yaliingizwa kwenye kiwango cha wote, ingawa Firefox iliyakubali mwaka 2017 tu. Na kwa muda mrefu, mpangilio wa matukio haya manne ulioandikwa kwenye kiwango haukufanana na ule vivinjari vilioufuata. Watu walioandika sheria na watu walioendesha barabara walikuwa hawajakutana.

Wengi hawakuyasoma majedwali ya Koch. Walichukua jQuery, maktaba aliyoitoa John Resig mwaka 2006, ambayo ilificha ugomvi wote nyuma ya alama ya dola. Juu yake Jörn Zaefferer akajenga programu-jalizi ya kuhakiki fomu ambayo ilitumika kila mahali, na ndani yake kulikuwa na falsafa ninayoiheshimu hadi leo: kuwa mvivu kwanza, kuwa mwepesi baadaye. Mtu anapojaza mara ya kwanza, mwache apite visandukuni bila kumsumbua. Kisanduku kikishapewa alama ya kosa, ndipo umfuatilie herufi kwa herufi, ili alama iondoke mara tu anaporekebisha.

Soma tena hilo la mwisho. Kama ile fomu ya karo ingefuata falsafa hiyo, maandishi mekundu yangefutika wakati naandika tarakimu ya mwisho, mikono yangu ikiwa bado kwenye kibodi. Kitufe kingesogea mapema, nikiwa bado sijakigusa. Tofauti yote ni swali la lini.

Mwaka 2009 Luke Wroblewski alichapisha majaribio aliyoyafanya na watu 22 kuhusu swali hilohilo, lini umwambie mtu amekosea. Waliokuwa wanahakikiwa papo hapo walimaliza haraka zaidi kuliko waliosubiri hadi mwisho. Ila wale walioambiwa umekosea wakiwa bado wanaandika walikasirika, na ni haki yao. Nani anapenda kusahihishwa katikati ya neno? Ushauri uliotoka hapo, na ambao wengi tuliumeza mzima, ulikuwa: hakiki mtu anapoondoka kisandukuni. Hakiki kwenye blur. Ushauri mzuri. Ni uleule uliosogeza kitufe changu.

Na una shimo lingine. Mtu akibonyeza Enter akiwa ndani ya kisanduku, kivinjari kinatuma fomu moja kwa moja na kisanduku hakijaachwa. Hakuna blur. Uhakiki uliokuwa unasubiri kwenye blur unabaki umeketi stendi, matatu imeshaondoka. Kwa hivyo kuna watu ambao fomu zao hazikuenda kwa sababu walitumia kipanya, na kuna watu ambao fomu zao zilienda na makosa kwa sababu walitumia kibodi, fomu ni ileile, siku ni ileile.

HTML5, iliyopitishwa rasmi Oktoba 2014, ilijaribu kumaliza biashara hii yote kwa kukipa kivinjari chenyewe kazi ya ukaguzi. Mizizi yake ni ya 2004, pale watu wa Mozilla, Opera na Apple walipochoka na W3C wakaanzisha kundi lao, WHATWG, na moja ya kazi za kwanza mezani ilikuwa fomu. Andika tu kwamba kisanduku hiki ni lazima, hiki ni barua pepe, hiki kifuate muundo huu. Kivinjari kitakagua kabla ya kutuma. Nzuri, lakini nayo ilikuja na mpangilio wake: ukibonyeza kitufe kukiwa na kosa, kila kisanduku kibovu kinasema "invalid", na tukio la "submit" halitokei kabisa. Wanaprogramu waliozoea kuhakiki ndani ya submit walikaa wakisubiri mgeni ambaye hatakuja. Na kosa la muundo ni lako mwenyewe. Nimeona fomu za hapa hapa Nairobi zikimkataa mtu anayeitwa Ng'ang'a kwa sababu ya zile alama mbili za ving'ong'o, zikimwambia kwa heshima zote aandike jina halali.

Simu nazo zikaleta yao. Msimbo uliosikiliza vitufe vya kibodi kimoja kimoja ulifika kwenye Android ukakuta kila herufi inajitambulisha kwa namba moja, 229, kwa sababu kibodi ya skrini huwa bado inatunga neno. Sitaingia huko. Inatosha kusema waliokuwa wamesikiliza tukio la "input", linalokuja baada ya maandishi kubadilika bila kujali yalibadilishwa na nini, walilala vizuri.

Nilipogundua kilichonipata 2012, ilikuwa 2018 na nilikuwa nimeajiriwa kama mwanaprogramu. Mteja alilalamika kwamba kitufe kinahitaji kubonyezwa mara mbili. Tulimcheka kidogo. Kisha nikaketi, nikaandika kosa kwenye kisanduku, nikarekebisha, nikashusha kidole kwenye kitufe na kukishikilia hapo bila kukiinua. Maandishi mekundu yakaondoka. Kitufe kikateleza kutoka chini ya kielekezi. Kidole changu kilikuwa bado chini. Nilikaa hivyo kwa muda, nikiona ngazi za saiba na bahasha ya kaki.

Marekebisho yenyewe ni madogo. Unaweza kukizuia kitufe kisichukue kisanduku mahali pake wakati kidole kinaposhuka, ili blur isitokee hadi click ipite. Inafanya kazi, lakini kitufe hakishikwi kinapobonyezwa kwa kipanya. Mimi nilichagua njia ya kijinga zaidi. Chini ya kila kisanduku niliacha nafasi ya mistari miwili, tupu, siku zote, iwe kuna kosa au hakuna. Maandishi mekundu yakija yanakaa hapo, yakiondoka nafasi inabaki. Hakuna kinachosogea. Na fomu ikishatumwa ukurasa unasema imetumwa, kwa maneno, pamoja na namba ya risiti.

Mbunifu wetu aliiangalia akasema inakaa kama nyumba isiyo na fanicha. Akaniuliza kama tunaweza kupunguza hizo nafasi hata kwa nusu. Nikamwambia hapana.